Hesabu za Mwenye Kiti Chake

Jamani, nani alinituma? Nilitaka kujua kitu kimoja tu: mwenyekiti wa wapangaji wa jengo letu atatoka lini. Miaka 12 yumo. Uchaguzi ukikaribia, daftari la wapangaji linapotea. Tarehe ikishapita linaonekana, alikuwa amelikalia.

Nikapekuapekua, nikakutana na habari za kijana Mmarekani, J. Richard Gott. Mwaka 1969 alisimama mbele ya Ukuta wa Berlin, wakati huo una miaka 8, akasema: mimi nimefika hapa siku yoyote tu, haina upekee. Kwa hiyo kuna uwezekano wa nusu kwa nusu kwamba ukuta umebakiza kati ya theluthi ya umri wake na mara tatu ya umri huo. Yaani miaka 2 na miezi 8 hadi miaka 24. Ukaangushwa 1989, miaka 20 baadaye. Kapatia, bwana!

Nikashika kalamu. 12 gawanya kwa 3, 4. 12 mara 3, 36. Kalamu ikanidondoka. Robo ya uwezekano anaondoka kabla ya miaka 4, sawa, Mungu mkubwa. Lakini robo nyingine hata hiyo 36 haimtoshi! Taa ya ngazini itaendelea kuwa "kwenye mchakato" mpaka wajukuu wapapase ukuta.

Na kinachonichoma ni hiki: mwakani hesabu hiyohiyo itampa mpaka miaka 39. Mimi nasubiri, yeye ananenepa!

Wengi huanguka mapema, kiti kikiwa bado cha moto. Pertinax wa Roma, mwaka 193, alitawala siku 87, walinzi wake wenyewe wakamuua. Mexico, mwaka 1913, Pedro Lascuráin alikuwa rais kwa muda usiofika saa moja. Hata daftari la kukalia hakuliona. Ila ukishavuka hapo, shughuli ipo. Hukohuko Mexico, chama cha PRI kilikamata nchi kuanzia 1929 mpaka 2000. Louis wa 14 wa Ufaransa alikaa miaka 72, maana alianza na miaka 4. Wetu, afadhali, aliingia na mvi zake.

Nikaona nimwonyeshe karatasi, labda aone haya. Akaisoma taratibu, akaomba abaki nayo. Asubuhi iko kwenye ubao wa matangazo, 36 imezungushiwa wino mwekundu, na chini kapiga muhuri: "Makadirio ya Kitaalamu."