Kutoka kwa Nyaso Hadi Kwenye Bani: Harakati za Wanawake ni za Nani?

Januari 1893, Mtemi Isike wa Unyanyembe, utawala wa Wanyamwezi hapa Tabora, alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake Wajerumani walipokwisha kuliingia, na baada yake wakoloni hao wakamtambua mwanamke, Nyaso, kuwa mtemi. Septemba ya mwaka huohuo, wanawake wa New Zealand walipata haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa bunge, wakiwatangulia wenzao wa nchi nyingine. Ni nadra matukio haya kutajwa pamoja, lakini yanasaidia kupima ubishi ambao hapa Tabora hurudi kila Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, inapokaribia: je, harakati za kumkomboa mwanamke ni zetu tangu zamani, au ni mzigo tuliotwishwa na wageni?

Wanaosema ni za kigeni hawakosi ushahidi. Neno ufeministi lenyewe ni la kukopa, na ile hesabu ya mawimbi, yaani vipindi vya harakati hizo, inayofundishwa, kuanzia kitabu cha Mary Wollstonecraft cha mwaka 1792 hadi mkutano wa Seneca Falls wa mwaka 1848 na kuendelea, kimsingi ni historia ya Uingereza na Marekani. Aidha, miradi mingi ya jinsia hutegemea wafadhili, na fedha zikikatika nayo hukatika. Mtu aliyekaa kwenye semina ya siku mbili, akasaini posho, akarudi kijijini na kukuta kila kitu kiko palepale, sishangai akiiona shughuli nzima kuwa ya wenyewe.

Upande wa pili hupenda kujibu kwa kuwataja watawala wanawake: Nyaso wa hapa Unyanyembe, au Mwami Theresa Ntare wa Heru, kule Kasulu mkoani Kigoma, aliyekuwa mtawala katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Hapo ndipo ninapotofautiana na watu wa upande wangu mwenyewe. Nyaso alikalia kiti kwa sababu kukaa kwake kulimfaa mshindi wa vita, na mwanamke mmoja kuwa kwenye kigoda hakumtui mwenzake kuni kichwani. Harakati ni watu wengi wenye lalamiko moja wanaolirudia kizazi baada ya kizazi, na mzizi wa namna hiyo tutautafuta chini zaidi ya viti vya enzi. Mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, alipitia vikundi vyao vya ngoma, lelemama ikiwemo. Wanawake wale hawakuhitaji kufundishwa kujipanga. Viongozi wao na michango yao walikuwa navyo tayari. Miaka mitatu baadaye chama kilikutana hapahapa Tabora na kukubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, uamuzi ambao tunausifu hadi leo kuwa wa busara. Ulikuwa wa busara, sikatai. Ila masharti ya uchaguzi ule ya kipato, elimu au wadhifa yaliwaacha nje wengi wa wanawake hao waliokijaza chama, na jambo hilo hatulitaji tunapousifu.

Hoja ya kwamba harakati hizi zinapingana na mila nayo inahitaji kuulizwa: mila ipi? Katika desturi ya Wanyamwezi, ndoa iliyotolewa mahari iliwapeleka watoto upande wa baba, na ile isiyotolewa iliwaacha upande wa mama. Palikuwa na zaidi ya njia moja. Kinachotajwa leo kuwa mila mbele ya mahakama mara nyingi ni tamko la sheria za mila la mwaka 1963, lililowaweka mabinti daraja la tatu katika urithi, na kumnyima mjane fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Mwaka huohuo serikali ilifuta utemi. Watemi waliondoka, na mila ikabaki katika maandishi yasiyoweza kubishana na mtu barazani.

Lakini suala hili huonekana vizuri zaidi kwenye bani la tumbaku, yaani banda la kukaushia majani kwa moto, Urambo au Kaliua. Mke hupanda na kupalilia, huchuma majani, huyafunga kwenye fito, hukesha na mume wake kuchochea moto, kisha huketi chini siku nyingi akichambua madaraja, vidole vikiwa vimeganda utomvu mweusi. Mitumba ya tumbaku ikiuzwa, malipo hupitia chama cha msingi cha ushirika na kuingia kwenye akaunti ya mwanachama, ambaye kwa kawaida ni mume. Mwenye kutetea utaratibu huu ana neno zito: mbolea ilikopwa kwa jina la mume huyo, na mvua ikigoma ni yeye anayedaiwa. Hilo ni kweli, na mwanaharakati anayedai akaunti ya mke bila kugusa deni hajaifanya hesabu yote. Hata hivyo, usiku wa kuchochea moto haumo katika deni wala katika malipo.

Mahakama ya Rufani ilikwisha kulikabili jambo hili mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mali igawanywe kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, na Jaji Mkuu Francis Nyalali aliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mume alikwisha kumpa fedha za biashara naye akazitumia ovyo. Kanuni iliyoachwa na shauri hilo hutumika ndoa inapovunjika. Kwa mke ambaye ndoa yake ingali imara na mitumba yake imekwisha kupakiwa kwenye lori, bado haijamfikia.