Zimwi Halikutoka Porini

Kuna namna ya kuzisoma riwaya za Kigothiki ambayo imezoeleka mno, nami siafikiani nayo. Husemwa kwamba zile hadithi za kutisha za Waingereza, zenye majumba ya kale, radi na milima ya theluji, ni vita kati ya maumbile na ustaarabu. Huku pori na ukatili wake, kule nyumba yenye taa, chai na adabu. Kisha wasomaji hugawanyika. Wapo wanaoona pori ndilo la kuogopwa, na wapo wanafunzi wa Rousseau, mwanafalsafa wa karne ya 18, wanaoona pori ni safi, ila mji ndio umeharibu watu.

Kambi zote mbili husahau kuutazama mlango. Katika riwaya zile zilizo bora, mtu huwa wa porini siku anapofungiwa nje. Kabla ya hapo alikuwa mtu tu.

Tuanze na Frankenstein. Mary Shelley aliianza mwaka 1816 akiwa na miaka 18, kando ya Ziwa Geneva, katika kiangazi kisichokuwa na joto: mlima Tambora wa Indonesia ulikuwa umelipuka Aprili 1815, na majivu yake yakailetea Ulaya mvua na baridi pasipo msimu. Wengi wetu tunakijua kisa hiki kwa sinema, ambako kiumbe aliyeundwa na Victor Frankenstein ni bubu mwenye vyuma shingoni anayetembea kama amelewa. Kitabuni ni msemaji hodari, na amemsoma mshairi Milton na Plutarch, mwandishi wa maisha ya watu wa kale. Tena hakuzaliwa porini. Alizaliwa ghorofa ya juu kabisa ya nyumba moja mjini Ingolstadt, mji wa chuo kikuu, mikononi mwa Victor, mwanafunzi msomi ambaye alipomwona amefumbua macho alitoka mbio.

Anakwenda msituni kwa kuwa hana pa kwenda. Anakula matunda ya mwitu, ananyeshewa, anatetemeka. Anaingia kibandani kwa mzee mchungaji. Mzee anakimbia, naye anakula mkate, jibini na maziwa yaliyoachwa, ila mvinyo haumpendezi. (Sehemu hii hunichekesha kila ninapoisoma: zimwi limevamia nyumba na linachagua vyakula.) Baadaye anajibanza kwenye banda lililoshikana na nyumba ya familia ya De Lacey, na kwa kuchungulia ufa anajifunza lugha, historia, upendo wa watu wa nyumba moja. Usiku anawakatia kuni bila wao kujua. Siku anapojipa moyo wa kubisha hodi, mzee kipofu anampokea vizuri. Mwanawe Felix, mwenye macho, anaingia na kumpiga fimbo.

Hapo ndipo nyumba inapochomwa moto, na mauaji huja baada ya hapo. Wanaodai kwamba ustaarabu ungemtuliza kiumbe wanasahau kwamba alikwisha kuupata, vitabu vyake na maadili yake, kupitia ufa ukutani. Alichokosa ni mwenyeji. Na wale wa Rousseau nao wajibu: kama pori ni safi na linatosha, mbona yeye aliyeishi humo alikuwa akilia kwa upweke?

Halafu kuna ule mkutano wa juu mlimani, karibu na Chamonix katika milima ya Alps, ambao kwangu ndio kiini cha kitabu. Victor, mtoto wa familia mashuhuri ya Geneva, anapanda kwenda kwenye bahari ya barafu ili atulize moyo. Kwake mlima ni dawa. Ataitumia kisha ashuke hotelini akalale. Papo hapo kiumbe anatokea na kumweleza kwamba mapango ya barafu ndiyo makao yake, kwa kuwa ni makao pekee ambayo binadamu hawamwonei choyo. Mlima ni mmoja, lakini mmoja amekuja kutalii na mwingine amekimbilia. Sijui riwaya nyingine ya enzi ile iliyoisema siri hii waziwazi namna hiyo: uzuri wa maumbile ni starehe ya mwenye kwao. Wahenga wetu walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. La Victor lilimjua sana, likammaliza: mdogo wake, rafiki yake, mkewe, na mwisho yeye mwenyewe.

Wuthering Heights ya Emily Brontë, ya mwaka 1847, inasomwa vibaya zaidi. Heathcliff, mhusika wake mkuu, amefanywa kuwa mtoto wa nyika, kana kwamba upepo wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ndio uliomzaa. Ebu turudi kwenye sura ya nne. Mzee Earnshaw, baba yake Cathy na Hindley, alimwokota Liverpool, mjini, barabarani, ana njaa na hana wa kumsemea. Liverpool ya karne ya 18 ilikuwa bandari kubwa kuliko zote za Uingereza kwa biashara ya watumwa, na mtoto anaelezwa kuwa mweusi wa sura na msemaji wa maneno yasiyoeleweka. Asili yake haitajwi popote kitabuni, na mwandishi hakusahau kuitaja. Yule anayeitwa mshenzi ameletwa kutoka kwenye moyo wa ustaarabu wa kibiashara.

Kisha kuna usiku wa dirishani. Cathy na Heathcliff, wote wawili wametoka nyikani, wote wachafu, wanachungulia ndani ya nyumba ya akina Linton, majirani matajiri, yenye zulia jekundu na dari lenye nakshi za dhahabu. Mbwa anamng'ata Cathy mguu. Yeye anaingizwa ndani, anaoshwa miguu, anapewa keki. Mwenzake anaambiwa aondoke, kwamba hafai kuwa katika nyumba ya watu wa heshima. Tope lao lilikuwa moja. Baada ya wiki tano Cathy anarudi akiwa bibi mdogo mwenye glavu, na Heathcliff anaonekana, kwa mara ya kwanza machoni pake, mchafu.

Na Heathcliff analipaje kisasi? Kwa rehani. Hindley mlevi anacheza kamari, Heathcliff anamkopesha, ardhi inawekwa dhamana, na Hindley anapokufa nyumba imekwisha kwenda. Nyumba ya pili, ya akina Linton, anaipata kwa ndoa na urithi. Mtu wa pori, eti! Vitisho na kufungia watu vyumbani vimo pia, sikatai, lakini kazi kubwa ilifanywa na hati, tena mbele ya wakili.

Jane Eyre ya Charlotte, dada yake, mwaka uleule wa 1847, nitaigusa kidogo. Jane, mwalimu yatima, anapotoroka Thornfield, jumba la tajiri Rochester, analala nyikani na kuyaona maumbile kama mama mwema. Ni kwa usiku mmoja tu. Kesho yake njaa inamuuma, na baada ya muda anaomba uji uliokuwa unatupiwa nguruwe. Kinachomwokoa ni mlango wa Moor House, ambao mtumishi alikuwa amekwisha kumfungia usoni kabla mwenye nyumba hajafika. Bertha Mason wa Jamaica, mke wa Rochester, kule ghorofa ya tatu ya Thornfield, hakupata bahati hiyo: yeye mlango ulifungwa akiwa ndani, kisha akasimuliwa kama mnyama.

Sishangai kwamba wanawake hawa watatu ndio walioliona jambo hili. Frankenstein ilitoka mwaka 1818 bila jina la mwandishi, na akina Brontë walijiita Ellis Bell na Currer Bell.

Nitaambiwa: na Dracula? Ni kweli, riwaya hiyo ya Bram Stoker ya mwaka 1897 hainisaidii. Yule Count Dracula, mwungwana mnyonya damu, ana ngome yake, mbwa mwitu wanamtii, anaisoma Uingereza vitabuni hadi ratiba za treni, kisha ananunua nyumba kihalali karibu na London kupitia kampuni ya mawakili. Hawezi hata kuingia ndani ya nyumba ya mtu mpaka akaribishwe. Hofu ya mlango imo, lakini imehamia upande wa wenye nyumba. Tena karibu kitabu chote ni shajara, barua na simu za maandishi za wawindaji wake. Shelley alimpa kiumbe wake sura kadhaa katikati ya kitabu azungumze mwenyewe, aombe, alaumu, ajikanyage. Count, ukiacha maneno machache aliyomwandikia Harker, wakili kijana aliyekuwa mgeni wake, hana ukurasa wake. Ndiyo maana Dracula hunisisimua usiku na asubuhi sina la kubishana nayo, na kati ya vitabu hivi vinne ndicho pekee ninachokiweka chini ya vingine.