Sindano ndani ya ubongo: picha hutufikisha wapi?

Ukitazama MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, yenye duara linalong'aa ndani ya ubongo, utadhani jibu limeshapatikana. Bado. Saratani, jipu na maambukizi ya kimelea kiitwacho toksoplazma vinaweza kuonyesha duara lile lile, na dawa zake hazifanani hata kidogo. Ndiyo maana fuvu hutobolewa tundu dogo, sindano ikafuata njia iliyopimwa kwenye picha, kipande kidogo cha nyama yake kikachukuliwa kwenda maabara. Hatari zipo: damu inaweza kuvuja, na kipande hicho kikitoka sehemu tulivu ya uvimbe, ukali wake hautaonekana. Hata hivyo, kumtibu mtu kwa kubahatisha ni hatari zaidi. Hapo sioni ubishi mkubwa.

Ubishi uko kwa wenye kutetemeka, kama wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na ugumu wa mwili. Zamani madaktari waliunguza sehemu ndogo ya ubongo, na kilichoungua hakirudi. Mwaka 1987 huko Grenoble, Ufaransa, daktari wa upasuaji wa ubongo Benabid na wenzake walianza kuacha elektrodi, waya mwembamba, humo humo, ikipitisha umeme unaoweza kupunguzwa au hata kuzimwa. Mara nyingi mgonjwa huwa macho, ganzi ikiwa kwenye ngozi ya kichwa tu, kwa kuwa ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Anapewa kalamu achore mstari unaojizungusha kama gamba la konokono. Mstari unatoka kama meno ya msumeno. Umeme unapandishwa kidogo, anachora tena, na mkono unatulia. Picha imewaelekeza madaktari, lakini anayethibitisha ni mgonjwa. Tena fuvu likishatobolewa, maji ya ubongo huvuja na ubongo kusogea kidogo, kwa hiyo picha ya asubuhi imeshachakaa. (Wanaojisifia usahihi wa milimita wasisahau hilo.) Siku hizi wengine hulazwa usingizi kabisa, elektrodi ikahakikiwa kwa skani papo hapo; kwa mwoga, hiyo ni nafuu kubwa.

Ila kazi haiishii mezani. Betri iliyofukiwa kifuani, kama si ya kuchajiwa, hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Vijidudu vinaweza kuingia. Mgonjwa atarudi kliniki mara kadhaa kurekebishiwa umeme, na wengine usemi wao huwa mzito. Parkinson yenyewe inaendelea. Zaidi ya yote, ukiacha mtetemeko, dalili isiyosikia levodopa, dawa kuu ya Parkinson, kwa kawaida haitasikia elektrodi. Kama familia inasubiri baba aache kuanguka ilhali hata dawa haimsaidii kusimama imara, waambiwe hilo kabla hajanyolewa nywele.