Siku ya tatu baada ya kiharusi

Baba mdogo alianguka bafuni alfajiri, presha ikiwa juu mno. Kipimo cha CT kikaonyesha damu imevujia ndani ya ubongo. Jioni tukaambiwa haivuji tena, tukamshukuru Mungu, na wengine wakaanza kuulizana ataruhusiwa lini. Siku ya tatu tukamwita, hakuitika. Hakuna aliyekuwa ametuandaa kwa siku hiyo, na ndiyo inayonifanya niandike.

Kiharusi cha kuvuja damu hupiga mara mbili. Kwanza ni donge la damu lenyewe, linalokandamiza ubongo. Pigo la pili huja taratibu: trombini, protini inayogandisha damu, na madini ya chuma yanayoachwa na damu inayovunjika, huziamsha mikroglia, seli za ulinzi za ubongo. Hizo nazo huita chembe nyeupe za damu. Kuta za mishipa midogo hulegea, maji hupenya, ubongo unavimba, na ndani ya fuvu hakuna nafasi ya kuvimbia. Uvimbe huo hukua kwa kasi siku mbili tatu za mwanzo, na unaweza kuendelea hadi wiki ya pili.

Basi si apewe dexa (deksamethasoni, dawa ya steroidi) ishushe uvimbe? Nilimsumbua daktari kwa swali hilo. Jibu lipo tangu 1987: Thailand waliijaribu kwa wagonjwa 93, haikupunguza vifo, ila maambukizi na matatizo ya sukari yakaongezeka. Nami naelewa kwa nini si rahisi. Seli hizohizo zinazoumiza ndizo baadaye humeza mabaki ya damu. Ukizinyamazisha zote, nani atafagia?

Kwa hiyo sioni sababu ya kukaa tukingoja dawa ya ajabu. Mwaka 2023 utafiti wa INTERACT3, wenye wagonjwa zaidi ya 7,000 katika nchi 10, Nigeria ikiwemo, ulionyesha kwamba presha ikishushwa mapema, sukari na homa zikadhibitiwa, na nguvu ya dawa za kuzuia damu kuganda ikaondolewa kwa waliokuwa wakizitumia, yote kwa pamoja, wagonjwa hupona vizuri zaidi. Uangalizi huo uliendelezwa kwa siku 7. Presha, sukari, joto: vipimo vyake vipo hata hospitali za wilaya. Tunachokosa ni mtu wa kuvirudia usiku wa pili na wa tatu, wodi ikiwa imejaa na muuguzi ni mmoja.

Usiku wa pili baba mdogo alikuwa anachemka. Aliyegundua ni shangazi, kwa kiganja chake.