Mapenzi na Hati ya Shamba

Riwaya za mapenzi zinazosimulia Magharibi ya Marekani enzi za walowezi zina wasomaji wengi na wanaozibeza wengi vilevile, na mimi nimo katika kundi la kwanza. Ninazipenda na ninazitetea. Hata hivyo nina dai moja juu yake: katika nchi ile na wakati ule ndoa ilikuwa pia suala la ardhi, na mwandishi anayelifanya shamba kuwa pambo tu la mandhari huwa ameitupa nusu ya hadithi yake, tena ile nusu yenye mvutano mkubwa zaidi.

Chukua mfano wa Oregon. Sheria ya ardhi iliyopitishwa Septemba 1850 ilimpa mlowezi Mzungu aliyekwisha kufika huko ekari 320 akiwa kapera, na ekari 640 akiwa na mke, na nusu ya hizo 640 ilikuwa mali ya mke mwenyewe, kwa jina lake. Kapera naye alifunguliwa mlango: akioa ndani ya mwaka mmoja kuanzia tarehe 1 Desemba 1850, angehesabiwa pamoja na wenye wake. Wanawake walikuwa wachache na makapera walikuwa wengi, kwa hiyo posa zilipelekwa kwa pupa, na wapo wasichana wa miaka 13 na 14 walioolewa na wanaume wazima ili ekari zitimie. Sioni ni vipi mwandishi wa mapenzi anaweza kuipita hali kama hiyo bila kusimama. Je, bwana huyu anamtaka binti, au anazitaka ekari 320 zinazokuja pamoja naye? Na yule binti, ambaye sheria imempa mali kabla hajajua hata kuendesha nyumba, atalitambua lini fungu lake, na siku atakapolitambua atazungumza na mumewe kwa sauti gani? Hayo ni maswali ya mapenzi kabisa, na hayahitaji jambazi wala farasi anayekimbia ili yamshike msomaji.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1862, aliyoitia saini Rais Abraham Lincoln, iliigeuza hali hiyo. Sasa mwanamke asiye na mume, awe mjane, mtalaka au ambaye hajaolewa, mradi ametimiza miaka 21 au ni mkuu wa kaya, aliweza kuandikisha ekari 160 kwa jina lake, akajenga, akalima na kuishi hapo miaka mitano, kisha akapewa hati. Mwanamke aliyekuwa akiishi na mumewe hakuruhusiwa kuandikisha shamba lake mwenyewe. Kwa maneno mengine, kuikubali posa mapema mno kulikuwa na gharama inayopimika kwa ekari. Ninapokutana na riwaya ambamo mwalimu wa shule au mfuaji nguo anayaacha yote na kumrukia kauboi kifuani bila kulifikiria jambo hilo hata kwa aya moja, huona kwamba mwandishi amemdharau mhusika wake mwenyewe.

Maisha halisi yalikuwa na ustadi mkubwa kuliko huo. Elinore Pruitt alikuwa akifua nguo na kufanya kazi za ndani mjini Denver, akimlea binti yake mdogo. Mwaka 1909 alikwenda Burnt Fork, Wyoming, kuwa mtunza nyumba wa mfugaji aitwaye Clyde Stewart. Hazikupita wiki nyingi akawa ameandikisha ardhi iliyopakana na ya tajiri wake, na wakati huohuo wakaoana. Barua zake kwa mama aliyekuwa mwajiri wake huko Denver, zilizotolewa kuwa kitabu mwaka 1914, zinaeleza jinsi mpaka wa shamba lake ulivyopita futi mbili tu kutoka nyumba ya Stewart, hivyo akaijenga sehemu yake kwa kuiunganisha na ile ya mwanamume. Hebu fikiria: paa limeungana, na chini yake kuna mashamba mawili! Ndoa yenyewe alimficha mama huyo karibu mwaka mzima, kwa kuona haya, maana alikuwa amejinadi kuwa atajitegemea. Mwaka 1912 aliiachia ardhi ile, na aliyekuja kuimiliki ni mama mkwe wake. Ndani ya kisa hicho kimoja kuna fahari, hofu, siri, mapatano ya watu wawili wazima, na penzi ambalo halikuangushwa na hesabu zote hizo. Hakuna risasi hata moja.

Risasi, kwa kweli, ndizo zinazonichosha. Tajiri mwovu analitamani shamba la mjane, shujaa anampiga risasi, sura ya mwisho ni harusi. Lakini harusi haikumaliza lolote ikiwa bado kulikuwa na miaka ya kuishi shambani, ukame, nzige na mtoto mchanga kabla ya hati kutoka. Mapenzi hupimwa hapo, na hapo ndipo waandishi wengi hufunga kitabu.

Kuna pia wale waliokuwa na ardhi kabla haijagawanywa. Katika bonde la Willamette, huko Oregon, ekari 640 zilianza kutolewa ilhali Wakalapuya, wenyeji wa asili wa bonde hilo, hawajaiachia nchi yao. Mikataba waliyoitia saini mwaka 1851 haikuidhinishwa na Seneti, mwingine ukafuata mwaka 1855, na mwaka uliofuata wakahamishiwa Grand Ronde, eneo lililotengwa kwa ajili ya wenyeji. Simwombi mwandishi awageuze wapenzi wake kuwa watetezi wa haki wa karne hii. Namwomba amruhusu yule bibi harusi wa miaka 14 awaone wanawake wa Kikalapuya wakija kuchimba mizizi ya camas, chakula chao cha miaka yote, katika uwanda ambao nusu yake sasa ni mali yake, na nguruwe wa mumewe wamekwisha kuifukua mizizi hiyo na kuila. Atakachomwambia mumewe jioni hiyo, na jibu atakalopewa, vitanieleza kuhusu ndoa yao mambo mengi kuliko sura tatu za mabusu.