Sina Gari, Nimepigiwa Hesabu ya Boza

Asubuhi hii nimekwenda chini getini kwangu, makalio kwanza, nikiwa na shati jeupe na bahasha ya kikao cha wazazi. Masika ya Goba mnayajua. Kitoto cha darasa la tatu kikapita, "Shikamoo", nikaitikia marahaba nikiwa palepale kwenye tope, kama mtu aliyekaa kwa hiari yake. Nikasema liwalo na liwe, naita fundi wa pevingi, anipangie njia ya vitofali vya saruji.

Hesabu nilikuwa nayo kichwani. Kutoka getini mpaka kibarazani mita 15, upana mita 4, hiyo ni mita za mraba 60. Vitofali vya sentimita 20 kwa 10 vinaingia 50 kila mita, kwa hiyo 3,000. Zidisha kwa bei ya kimoja, mpe fundi chake, kwisha. Kumbe hesabu za darasani hazijawahi kukutana na fundi.

Akaja na kijana wa kushika futi. Hakupima. Alichukua kipande cha nondo akakichomeka ardhini, kikazama chote kama kidole kwenye uji. Akatikisa kichwa taratibu, kama daktari anayeuliza ndugu wa mgonjwa wako wapi.

"Bosi, huu mfinyanzi."

"Ndiyo, ndio niliouziwa."

"Mvua unavimba, jua unapasuka. Tukipanga juu yake, mwakani una mawimbi kama Kigamboni."

Kwa hiyo tuchimbe sentimita 20, tujaze moramu, ule udongo wa changarawe, tushindilie kwa mashine. Ni mita za ujazo 12 za udongo, na udongo ukishachimbwa unaumuka kama andazi. Lori la kuutoa nalipa mimi. Lori la moramu, mimi. Mashine ya kukodi, mimi. Nikauliza pevingi zenyewe tunazifikia lini. "Bado bosi, kuna mchanga."

Kisha likaja swali la kunivua nguo: "Gari gani linaingia hapa?"

Nikakohoa. Nikautazama mwembe. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba, kwa sasa, gari bado halijafika. Kijana wa futi akachekea puani.

"Basi pevingi za unene wa sentimita 6 zinatosha, hata ukinunua dogo."

Nikapumua.

"Na maji mnatoa wapi?"

"Boza."

"La lita ngapi?"

"Elfu 10."

Akashusha kalamu. Maji peke yake tani 10, bado lori lenyewe. "Na choo kikijaa?" Hapo nikanyamaza. Choo kikijaa linaingia gari la kunyonya, na linatoka zito kuliko lilivyoingia. Akafuta 6, akaandika 8. Jamani! Miaka yote hii nadunduliza, naota Harrier nyeusi inateleza mpaka barazani, kumbe unene wa njia yangu unapangwa na choo! Mimi, mtu mzima, ninayeitwa misibani kusoma wasifu wa marehemu!

Zikaja kingo za pembeni, eti zisipokuwepo vitofali vinakimbia. Hata tofali halitaki kukaa kwangu. Mama watoto akachungulia dirishani: anataka nyekundu, na iwe na kona. Nyekundu inadai rangi kwenye saruji, kona inakatwa kwa grenda kipande kwa kipande. Nikamwambia nasikia harufu ya kitu kinaungua.

Kona kaiona kwa jirani. Huyo ndiye chanzo cha yote. Pevingi zake kazilaza kuelekea kwangu, maji ya ua wake wote yanamalizikia getini kwangu, ndiyo yaliyonilaza leo. Nilipomfuata akanijibu, "Mzee mwenzangu, maji si yanafuata mteremko?" Mteremko! Goba nzima ni mteremko. Bodaboda anadai nyongeza ya kupanda, akishuka anadai nyingine, eti breki zinaisha. Juzi kanishushia barabarani na kuku wawili na mkaa. Kuku mmoja akachomoka, akaingia kwa jirani huyohuyo. Wanasema hawajamwona. Ila jana mchana ilivuma harufu ya pilau la kuku, na mimi pilau la kuku nalijua.