Aliyepasuliwa Naye Ana Arobaini Yake

Jumapili iliyopita nilikwenda Goba, Dar es Salaam, kumtazama mzazi, mtoto wa mama yangu mdogo, aliyejifungua kwa operesheni. Wiki mbili zilikuwa hazijatimia. Nilimkuta uani, kitenge amekifunga kifuani, ananyanyua ndoo ya maji kutoka bombani aipeleke bafuni. Mkono mmoja uko kwenye ndoo, mwingine umeshikilia chini ya tumbo, pale pale kilipopita kisu. Nilimpokonya ile ndoo nikamuuliza waliomo ndani wanafanya nini. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Dada, acha tu. Wanasema mimi sikusukuma."

Sebuleni kulikuwa na wageni wanakunywa soda. Mmoja wao, mama mtu mzima ninayemheshimu, alinieleza mbele ya wote kwamba mabinti wa sasa wanadekezwa. Yeye alizaa watoto saba kwa njia ya kawaida, alichanika, alishonwa, na siku ya tatu alikuwa jikoni. Huyu ambaye hata uchungu wenyewe hakuumaliza anachoka nini? Nilinyamaza kwa heshima ya umri wake. Hapa sinyamazi.

Operesheni ya uzazi ni upasuaji mkubwa. Daktari anakata ngozi, anakata mafuta yaliyo chini yake, anakata ule utando mgumu unaoshikilia ukuta wa tumbo, anaitenga misuli kulia na kushoto, anafungua utando wa ndani, anakisogeza kibofu cha mkojo, ndipo anaufikia mfuko wa uzazi na wenyewe anaukata. Mtoto akishatoka na kondo likishatolewa, kazi ya kushona inaanzia ndani kuja nje. Mwanaume akipasuliwa ngiri, ukoo mzima unahamia kwake. Habebi mzigo, hapandi bodaboda, supu inapikwa asubuhi na jioni, na kazini wanamwambia asirudi mpaka apone kabisa. Mwanamke anapasuliwa tumbo hivyo nilivyoeleza, ganzi haijamwisha miguuni anawekewa mtoto kifuani anyonyeshe, na kabla mwezi haujaisha anatarajiwa afue, adeki na apikie wageni waliokuja kumpa hongera.

Ile ndoo niliyompokonya ilikuwa ya lita 20. Ikijaa maji ni kilo 20, hapo hujahesabu ndoo yenyewe. Wodini anaporuhusiwa huwa anaambiwa asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake, na watoto wetu wengi huzaliwa na kilo tatu hivi. Watu wanaangalia mshono wa nje, wanaona umefunga vizuri, nyuzi zimetolewa au zimeyeyuka, wanasema amepona. Ngozi hufunga mapema, mara nyingi ndani ya wiki mbili. Ule utando mgumu wa ndani unahitaji wiki nyingi zaidi ndipo upate nguvu ya kubeba mzigo, na mfuko wa uzazi una kovu lake ambalo mgeni aliyekaa kwenye kochi hawezi kuliona.

Na hili la kusukuma linanikera kuliko yote. Nani aliwaambia kwamba wanaopasuliwa wamekwepa uchungu? Nilipopasuliwa na mimi, wodini nililala na wanawake waliohangaika na uchungu usiku kucha, njia ikafika mahali ikagoma kufunguka, mapigo ya moyo ya mtoto yakaanza kushuka, wakakimbizwa chumba cha upasuaji huku wakisainishwa fomu juu ya kitanda cha magurudumu. Hao wamebeba maumivu yote mawili, ya uchungu na ya kisu. Wengine kondo la nyuma lilikuwa limetangulia mlangoni, na wangesukuma wangevuja damu mpaka wafe. Wengine presha ilipanda wakaanza kuona giza. Wengine mtoto alikaa mlalo. Unamlaumu mtu kwa kuwa hai?

Najua mtanijibu kwamba siku hizi operesheni zimezidi, kwamba kuna hospitali zinakimbilia kisu kwa sababu bili yake ni kubwa. Sawa, yapo hayo, na mimi siyapendi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano duniani anazaliwa kwa operesheni, na kwamba idadi inaendelea kupanda, wakati huko vijijini kwetu kuna akina mama wanapoteza maisha kwa kukosa hiyo hiyo operesheni. Huo mjadala wapelekeeni madaktari na wizara. Msiupeleke kitandani kwa mtu ambaye ameshapasuliwa na hawezi hata kucheka bila kushika tumbo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jamii zetu zilikuwa na jibu la jambo hili zamani sana. Pwani mzazi ana arobaini yake. Hapiki, hachoti maji, anakandwa, anapewa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, na kuna mtu mzima ndani ya nyumba ambaye kazi yake ni moja tu, kumlea yule mzazi. Kwetu Uchagani mzazi alikuwa akikaa ndani hata miezi mitatu, analetewa mtori, kisusio (supu ya damu ya mbuzi) na nyama, na akitoka nje ananawiri mpaka watu wanageuka kumtazama. Sasa linganisheni na yanayosemwa hospitalini. Madaktari wanahesabu wiki sita za mwili kurudi katika hali yake baada ya kujifungua, yaani siku 42. Bibi zetu hawakuwa na vipimo vya maabara, lakini kwa ile arobaini walifika karibu hapo hapo, kwa kuwatazama wanawake waliojifungua, wengine wakipona na wengine wakiharibika.

Halafu sisi tumehamia mjini tukaifanya arobaini kuwa sherehe. Siku yenyewe ikifika tunafunga maturubai, tunaagiza sare, tunapiga picha na keki. Zile siku 39 za kabla yake tumeziacha zipotee. Mama mzaa chema yuko kijijini na nauli hakuna, dada wa kazi aliondoka mwezi uliopita, mume anatoka alfajiri kuwahi foleni. Na pale mtu wa kusaidia anapopatikana, anapewa kwanza yule aliyejifungua kawaida, kwa sababu yeye "kateseka". Aliyepasuliwa, ambaye kuinama tu ni shughuli, ndiye wa kwanza kunyang'anywa arobaini yake. Hili silielewi na sitalielewa.

Mimi mwanangu wa kwanza nilimpata kwa operesheni. Mama yangu alishuka na basi kutoka Rombo, ana mkungu wa ndizi za mtori na begi dogo la nguo zake. Alitandika mkeka chini, pembeni ya kitanda changu, akalala hapo. Usiku mtoto akilia, mama ndiye aliyeamka, akamchukua, akanipa mkononi. Sikuinuka. Hamjui hilo lina maana gani mpaka mjaribu kuinuka kitandani mkiwa na mshono. Ukijinyanyua moja kwa moja kama ulivyozoea, unasikia kama kitu kinachanika ndani. Inabidi ugeuke kwanza ubavu, taratibu, magoti umeyakunja, kisha uteremshe miguu chini, ndipo ujisukume kwa kiwiko na mkono mpaka ukae, upumzike, usimame. Kukohoa unakumbatia mto tumboni. Kupiga chafya ni hivyo hivyo. Kunyonyesha, nesi mmoja mwenye roho nzuri alinionyesha nimpitishe mtoto ubavuni, miguu yake ielekee nyuma chini ya kwapa langu, asiulalie mshono. Kwa mwanamke ambaye hana mtu wa kumpa mtoto mkononi, hesabuni wenyewe ni mara ngapi kwa usiku mmoja anapita hayo yote, tena gizani, tena peke yake.

Nisieleweke vibaya, kupumzika hakuna maana ya kulala kama gogo. Wodini wanakusimamisha mapema, mara nyingi ndani ya siku moja, na wana sababu: damu ikituama miguuni inaweza kuganda, bonge likapanda kwenye mapafu, na hilo linaua. Mzazi atembee. Aende chooni mwenyewe, azunguke uani, akae juani na mwanawe. Asiiname kufua na asibebe ndoo.

Na dawa za maumivu mpeni. Mwanamke hapati thawabu yoyote kwa kulala na maumivu. Zile alizoandikiwa wamezichagua wakijua ananyonyesha.

Kwa mama zangu na shangazi zangu mnaokuja kukanda, hapa nitasema kwa adabu ila nitasema. Maji ya moto kwenye mshono hapana. Ngozi inayozunguka mshono hufa ganzi, na ganzi hiyo inaweza kukaa miezi. Unamkanda kwa taulo lililotoka kwenye maji yanayofuka, yeye hasikii kama anaungua, mnakuja kugundua ngozi imevimba malengelenge juu ya kidonda. Mkandeni mgongo, mkandeni miguu, mpikieni. Na ule mkaja, kitambaa cha kufunga tumbo, wa kuvutwa na watu wawili mpaka mzazi hapumui, huo uwekeni kando mpaka daktari aseme.

Nikija kwenye kliniki zetu, nina kinyongo. Tunafika na mtoto, anapimwa uzito, anachomwa sindano, kadi yake inaandikwa vizuri sana, anayefuata. Kwenye kituo nilichokuwa nikihudhuria hakuna aliyewahi kuniambia nilale auone mshono wangu. Mpaka nilipolalamika mwenyewe kwamba upande mmoja unatoa majimaji ndipo niliposogezwa nyuma ya pazia. Nawaelewa manesi wetu, foleni inaanzia getini na wao ni wawili. Lakini kumwomba mama afunue kitenge, ukatazama, ukambonyeza kidogo, ukamuuliza kama analala, hakumalizi hata dakika tano. Na mkishafika hapo mwelezeni pia habari za uzazi wa mpango, kwa sababu mfuko wenye kovu ukipata mimba haraka uko hatarini zaidi kupasuka, na ushauri wa kukaa walau miaka miwili kabla ya mimba nyingine watu wengi wanausikia wakiwa wameshachelewa.

Kuna wale ambao sitaki kuwapita. Wapo wanaotoka chumba cha upasuaji na mtoto hakupona. Wanarudi nyumbani na mshono ule ule, maziwa yanajaa na hakuna wa kuyanyonya, na kwa kuwa hakuna mtoto watu hawaoni kama kuna mzazi humo ndani. Msiba wa kichanga huisha upesi kwetu, maturubai hayafungwi, na kesho yake anaulizwa chai iko wapi. Huyo amepasuliwa kama wengine. Arobaini ni yake pia, na yeye anahitaji mtu wa kulala naye chumba kimoja kuliko sisi wote. Nawaomba sana hili mlishike.

Sasa sheria. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa na mama wa mtoto njiti akaongezewa muda, nikafurahi kwa dhati, maana walioipigania walihangaika. Aliyepasuliwa bado anahesabiwa sawa na mwingine yeyote, na kama alianza likizo wiki nne kabla ya kujifungua, zinabaki wiki nane tu. Na hapo nazungumzia mwenye mkataba. Mama lishe anayeishi kwa sufuria yake hana hata hizo, anarudi kuinamia jiko la mkaa pale anapoishiwa.

Baba ndiyo kabisa. Sheria hiyo hiyo inampa siku tatu. Majirani zetu Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, wanampa baba wiki mbili. Siku tatu za hapa kwetu, mke akipasuliwa, zinaishia kwenye benchi la nje ya wodi, amepakata hotipoti anasubiri saa ya kuona wagonjwa. Siku mama anaporuhusiwa kurudi nyumbani, baba ndiyo anaripoti kazini.

Kwa hiyo kaka zangu, wakati tunaendelea kudai hiyo sheria ibadilike, ombeni likizo yenu ya mwaka mapema, iangukie mwezi ambao mama anatarajia. Tumeni nauli kijijini kabla ya tarehe, msingoje mtoto azaliwe. Kuchota maji na kufua nepi ni kwenu mpaka wiki sita ziishe, na chumbani vile vile mngoje mpaka apone na aseme yuko tayari. Kila siku mwombeni mama awaonyeshe mshono, muuone kwa macho yenu. Ukiwa mwekundu na wa moto, ukitoa usaha au ukianza kuachia, akipata homa, uchafu wa uzazi ukitoa harufu mbaya, damu ikirudi kwa wingi, mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikimbana, kichwa kikimuuma sana au macho yakiona ukungu, msimwite mkandaji na msingoje kukuche. Tafuteni usafiri, mwende hospitali usiku huo huo, na mtoto mwende naye.